Shemeji anasema ya kale ni dhahabu: ninunue mashine ya santuri iliyotumika au mpya ya bei nafuu?

Ndugu Mshauri,

Salaam nyingi. Mjomba wangu amehamia nyumba ndogo, na katika kupunguza mizigo yake amenikabidhi santuri zake zote, zipatazo 180. Nyingi ni zile kubwa za mzunguko wa 33, chache ni za 45, na zimo pia kadhaa nzito za zamani za mzunguko wa 78. Mashine yake ya kuzipigia iliharibika miaka mingi iliyopita, kwa hiyo sijasikia hata moja. Ninayo amplifaya na spika mbili ninazoziamini, ila nyuma ya amplifaya hiyo hakuna tundu lililoandikwa PHONO. Yapo ya AUX, CD na TAPE tu.

Fedha niliyotenga inatosha kununua kimoja kati ya vitu viwili. Cha kwanza ni mashine iliyotumika, inayozungushwa kwa mkanda wa raba, iliyotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1970, yenye kasha la mbao na sinia zito la chuma la kuwekea santuri, na kwenye mkono wake kuna katriji ya Shure, yaani kile kichwa kidogo kinachoshika sindano. Mwenye nayo anasema inazunguka bila tatizo, ingawa hajapiga santuri kwa muda mrefu kwa kuwa hana spika. Kibandiko cha nyuma kinasema volti 120, hezi 60, ilhali umeme wa nyumbani kwangu ni volti 230, hezi 50. Muuzaji ameniambia kwamba transfoma ndogo itamaliza jambo hilo. Cha pili ni mashine mpya ya bei nafuu, nyepesi, inayojiendesha yenyewe tangu kushusha sindano hadi kuurudisha mkono mahali pake santuri inapokwisha, na ina dhamana ya mwaka mmoja. Bei zake zinalingana.

Mke wangu anataka tuchukue mpya. Shemeji yangu, ambaye ni kaka yake na ni mtu wa muziki, hataki hata kuisikia. Anasema ya kale ni dhahabu, kwamba mashine za siku hizi za bei nafuu ni plastiki tupu zinazokula santuri, na kila nikiitaja hiyo mpya hunijibu kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Sitaki kuziharibu santuri za mjomba, wala sitaki kumvunjia shemeji heshima. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mrithi wa Santuri

*

Ndugu Mrithi,

Nitatoa jibu kwanza, sababu zifuate: mashine hiyo iliyotumika usiinunue. Sisemi hivyo kwa kuwa imetumika. Kwa jumla shemeji yako anasema kweli, kwani fedha inayonunua mashine mpya ya daraja la chini kabisa mara nyingi hununua mashine ya zamani ya daraja la kati, na unaweza kumkubalia hilo bila kusema uongo wowote. Tatizo liko kwenye mashine hii moja, na limeandikwa kwenye kibandiko ulichokisoma mwenyewe.

Transfoma hubadilisha volti tu; hezi, yaani masafa au idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, haizigusi. Mashine nyingi za mkanda za miaka ile zilitumia mota ya AC, yaani ya umeme wa mkondo geu, ambayo kasi yake hufuata masafa ya umeme unaoilisha, kiasi kwamba volti zikiwa sawasawa na hezi zikiwa pungufu, mota huzunguka kwa utulivu kabisa lakini kwa kasi isiyo yake. Ukiichomeka mota ya hezi 60 kwenye umeme wa hezi 50, itakwenda kwa sehemu tano tu kati ya sita za mwendo wake, na santuri iliyopaswa kuzunguka mara 33⅓ kwa dakika itazunguka takriban mara 27.8. Wimbo wa dakika tatu utachukua dakika tatu na sekunde 36, na sauti zote zitashuka kwa zaidi kidogo ya nusu toni tatu, jambo ambalo hata mtu asiyejua muziki atalitambua mara tu mwimbaji anapofungua kinywa. Juu ya hayo, mota yenyewe hupata joto kuliko ilivyokusudiwa. Sidhani kwamba muuzaji amekusudia kukudanganya, kwa sababu kwa redio au amplifaya ya kawaida ushauri wake ungetosha.

Dawa ya kweli ni kubadilisha puli, yaani kile kipande kidogo cha duara kilichopachikwa kwenye mhimili wa mota ambacho mkanda hupita juu yake. Watengenezaji wengi walikuwa na puli za vipimo viwili, moja ya umeme wa hezi 50 na nyingine ya hezi 60, na ile ya hezi 50 huwa nene zaidi kwa uwiano wa sita kwa tano ili kufidia upungufu wa mwendo wa mota. Kwa mashine chache mashuhuri kipuri hicho bado kinapatikana. Kwa nyingi hakipatikani, na itabidi kumtafuta fundi wa kukereza chuma aichonge kwa usahihi mkubwa mno, kwa kuwa puli isiyo duara kamili huufanya muziki utikisike katika kila mzunguko. Muulize muuzaji jina kamili la mashine na namba ya modeli yake, kisha tafuta kama puli ya hezi 50 ya modeli hiyo inauzwa. Kama ipo, na bei yake ni ndogo, hukumu yangu inalegea kidogo. Isipokuwepo, shukuru na uondoke.

Hata puli ikipatikana, hesabu ya mashine hiyo haijaisha, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa vitu vya zamani hujipunja, kwa sababu huilinganisha bei ya mashine na bei ya mashine badala ya kulinganisha gharama ya kufika kwenye muziki. Pamoja na transfoma na puli utahitaji mkanda mpya, kwa kuwa raba iliyokaa bila kutumika hulegea au hukakamaa. Huo ni wa bei ndogo, usikutie hofu. Utahitaji pia sindano. Sindano usiyoijua umri wake ihesabu kuwa imekwisha, na muuzaji asiye na spika hawezi kukuhakikishia lolote juu yake. Shure waliacha kutengeneza katriji na sindano mwaka 2018, kwa hiyo utategemea masalio ya maghala au sindano za watengenezaji wengine; zipo nzuri sana, zikiwemo za JICO wa Japani, lakini hizo nzuri si za bei ya kutupa, na za bei ya kutupa hutofautiana ubora hata ndani ya boksi moja.

Halafu kuna lile tundu la PHONO usilokuwa nalo. Katriji ya sumaku ya kawaida hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu, wakati tundu la AUX linatarajia mamia ya milivolti. Si suala la udogo peke yake. Santuri hukatwa huku besi zikiwa zimepunguzwa na sauti kali zikiwa zimeongezwa kwa mpangilio maalumu, unaoitwa RIAA, uliokubaliwa nchini Marekani mwaka 1954 na kuenea duniani kote, na ni lazima kifaa fulani kiurudishe mpangilio huo kinyume kabla sauti haijafika kwenye spika. Kifaa hicho ni priamplifaya ya fono. Ukiiunganisha mashine ya zamani moja kwa moja kwenye AUX yako utasikia muziki mwembamba kama unatoka chumba cha jirani, nawe utadhani mashine ni mbovu. Mashine mpya unayoitaja, kama zilivyo nyingi za daraja lake, huenda ina priamplifaya ndani yake pamoja na swichi ya kuchagua kati ya PHONO na LINE. Hakikisha ipo kabla ya kulipa, na ukiiunganisha kwenye AUX iweke kwenye LINE.

Jumlisha basi: transfoma, puli, mkanda, sindano na priamplifaya. Bei mlizoziona kuwa zinalingana hazilingani hata kidogo.

Sasa nije kwenye hofu iliyokufanya uandike, kwamba mashine za bei nafuu hula santuri. Hofu hiyo ina mzizi wa kweli, ila imepandwa mahali pasipo pake. Mashine zinazostahili lawama ni zile za mkoba, zenye spika ndani yake na katriji ya seramiki, ambazo mara nyingi hukandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi na hazina uzito wa nyuma ya mkono wa kurekebishia. Hizo sizipendekezi kwa mtu mwenye santuri anazozithamini. Mashine ndogo za kujiendesha zenye katriji ya sumaku hukandamiza kwa gramu 3 hadi 4 hivi. Ni nzito kuliko gramu 1.5 hadi 2 za katriji bora zaidi, lakini ni uzito ambao katriji hizo zimeundwa kuubeba, na kwa sindano nzima iliyo safi santuri zako zitakaa miaka mingi. Kinachokwangua mifereji ya santuri kwa haraka ni sindano iliyochakaa na vumbi lililosagwa chini yake. Ncha ya sindano ya kawaida ya duara ina unusukipenyo wa takriban mikroni 18 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na gramu 2 zikitua juu ya eneo dogo namna hiyo huwa mgandamizo mkubwa mno. Ncha ikishapata kingo kali, huanza kuchonga. Kwa hiyo mashine tukufu ya mwaka 1978 yenye sindano ya mwaka huohuo ni hatari kwa santuri za mjomba kuliko plastiki mpya anayoidharau shemeji.

Sindano ya duara huhesabiwa maisha ya saa 500 hivi. Upande mmoja wa santuri kubwa ukichukua dakika 20, hizo ni pande 1,500, na mtu anayesikiliza pande mbili kila siku atahitaji nyingine baada ya miaka miwili. Watu wengi husubiri hadi sauti iharibike ndipo wabadilishe, na wakati huo madhara yameshatendeka.

Nisiifiche kasoro ya mashine mpya. AT-LP60X ya Audio-Technica, ambayo ni mojawapo ya zinazojulikana zaidi katika daraja hilo, inatajwa na watengenezaji wake kuwa na mtikisiko wa kasi usiozidi asilimia 0.25, wakati Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 ilitajwa kuwa na asilimia 0.025. Tofauti hiyo ni ya mara kumi, na sikio lililozoea litaisikia kwenye noti ndefu za piano, ingawa kwenye nyimbo za dansi zenye magitaa na ngoma wengi hawataitambua. Aidha, katika mashine kama hiyo katriji haibadilishwi, hubadilishwa sindano tu, kwa hiyo hutaweza kuiboresha baadaye. Utakachokuwa nacho siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho siku ya mwisho. Kwa mtu anayetaka kuzijua santuri alizorithi hilo halina ubaya, ila ukijijua kuwa wewe ni mtu wa kuchokonoa na kuboresha, subiri uongeze fedha ununue mashine ya daraja la juu yake, yenye mkono unaopimika uzito na katriji ya kawaida inayofungwa kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 12.7. Kipimo hicho ndicho kinachokupa uhuru, kwa kuwa karibu watengenezaji wote wa katriji hukifuata.

Njia ya tatu, ambayo hukuiuliza lakini ndiyo itakayomfurahisha shemeji, ni kuiacha mashine hii ya zamani na kutafuta nyingine ya zamani inayolingana na umeme wako. Ikiwa ni ya mkanda, kibandiko kiseme volti 220 hadi 240 na hezi 50. Ikiwa ni ya mota inayozungusha sinia moja kwa moja bila mkanda, hezi hazina madhara katika nyingi kati yake, kwa kuwa mwendo hutawaliwa na saketi ya ndani, na katika zile bora hutawaliwa na fuwele ya kwatsi. Hapo hubaki volti tu, na transfoma ya muuzaji wako ingefaa. SL-1200 niliyoitaja ni ya aina hii. Ilianza mwaka 1972, utengenezaji ukasimama mwaka 2010, ukarejea mwaka 2016, na vipuri vyake si adimu. Angalizo langu ni kwamba nyingi kati ya zilizotumika zimepita mikononi mwa madijei, ambao si wapole.

Ukienda kuikagua, nenda na shemeji, na mchukue santuri moja ambayo hamtahuzunika ikikwaruzwa. Mashine isiyoweza kupigwa mbele yenu ilipiwe bei ya mashine mbovu, hata kama muuzaji ni mtu mwema. Anzeni na kasi, kwa sababu haihitaji chombo chochote: bandikeni kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sinia, mkiwa mmeweka santuri na kushusha sindano, kisha hesabuni mizunguko kwa dakika tatu. Kwenye 33⅓ inapaswa kuwa 100 kamili. Ikiwa ni 83, mmeikuta tena ile ya hezi 60 kwenye umeme wa hezi 50. Zipo programu za simu zinazopima jambo hilo pia, lakini karatasi haiishiwi chaji.

Baada ya kasi, mkono. Huu ndio moyo wa ukaguzi, kwa kuwa mkanda, sindano, katriji na hata nyaya hubadilishwa na fundi wa kawaida, ilhali beringi za mkono zilizolegea au kupinda hazina tiba ya bei nafuu. Rudisheni uzito wa nyuma hadi mkono uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, kisha mpulizie kidogo kutoka pembeni; unapaswa kwenda na kurudi bila kukwama mahali popote. Shikeni kichwa cha mkono kwa vidole viwili na kukitikisa taratibu sana: mkisikia kagongo ka chuma kule kwenye egemeo, iacheni. Tazameni pia nyaya nne nyembamba za rangi zinazoingia kwenye katriji, nyekundu, kijani, nyeupe na buluu, kama zipo zote na hazijaunganishwa kwa solda ya kubahatisha. Sauti ikitoka upande mmoja tu, kosa mara nyingi liko hapo au kwenye migusano yenye kutu, na ni dogo. Mvumo mzito wa kudumu humaanisha kwamba waya wa ardhi haujafungwa kwenye amplifaya, nao hauna haja ya kukutisha.

Mashine za zamani za kujiendesha ziogopeni kidogo. Ndani yake kuna vigurudumu na vipini vilivyopakwa grisi ambayo baada ya miaka 40 hugeuka gundi, na mkono huanza kurudi katikati ya wimbo au kukataa kurudi kabisa. Fundi mvumilivu huisafisha, lakini wavumilivu ni wachache. Ya kushusha sindano kwa mkono ina vitu vichache vya kuharibika. Mkiinunua, msiibebe kama ilivyo: ondoeni sinia na uzito wa nyuma, fungeni mkono kwenye kishikio chake, na muifunike sindano, kwa sababu mashine nyingi nzuri hufia njiani.

Mpaka utakapoipata ya namna hiyo, na inaweza kuchukua muda, naunga mkono chaguo la mke wako: chukua mpya, mradi iwe na katriji ya sumaku, priamplifaya ndani yake, na sindano mbadala inayopatikana kwa urahisi. Baadaye hutapata taabu kumpa mtu mwingine anayeanza.

Limebaki suala la zile santuri za mzunguko wa 78. Mashine yako mpya yaelekea itakuwa na mizunguko ya 33 na 45 tu, lakini hata ungepata yenye 78 usizipige kwa sindano ileile. Mifereji yake ni mipana, inahitaji ncha ya takriban mikroni 76, na ncha ya mikroni 18 itakwenda ikigonga chini ya mfereji, itasoma uchafu badala ya muziki, na yenyewe itaharibika. Baadhi ya katriji za siku hizi, kama zile za VM95 za Audio-Technica, huuziwa sindano ya pekee kwa ajili hiyo, ambayo huchomekwa na kuchomolewa bila kufungua skrubu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuitamani mashine yenye katriji inayobadilishwa. Kwa sasa zihifadhi zikiwa zimesimama wima, mbali na joto, na usizilaze moja juu ya nyingine, kwa maana hazijatengenezwa kwa plastiki inayopinda kama zile za 33 bali kwa laki (shellac), nazo zikianguka huvunjika.

Wako,
Mshauri